Nilivyomtafsiri Baba

Baba yangu alikuwa fundi chokaa. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililonishinda kulitamka mbele za watu, Jumamosi moja ya mwaka 2018, katika ukumbi wa msikiti mmoja kaskazini ya Dallas, huku yeye mwenyewe amesimama kando yangu akingoja nimtafsirie.

Sisi ni watu wa Kilwa Masoko. Ng'ambo yetu, kisiwani, ndiko yaliko magofu: msikiti mkubwa wenye makuba, jumba la sultani juu ya jabali na birika lake la kuogea la pembe nane, makaburi, na kuta ambazo mizizi imezipasua katikati. Wageni walikuja kupiga picha. Baba alikwenda kuzitibu kuta. Kila fungu la ukarabati lilipopatikana, aliitwa yeye na wenzake watatu wanne, kwa sababu saruji haipatani na kuta zile, inazila kidogo kidogo. Zinataka chokaa ileile iliyozijenga, ya matumbawe yaliyochomwa. Baba alijua kupanga magogo ya tanuu, kupanga matumbawe juu yake, kuwasha, kisha kuuacha unga ule mweupe unyeshewe na upoe kwa miezi mpaka uwe laini kama siagi. Alifundishwa na babu, na babu alifundishwa na baba yake.

Alirudi nyumbani mweupe miguu mpaka magotini, vidole vimepasuka. Shuleni waliniita Binti Chokaa. Nikimwona anakuja njiani nami niko na wenzangu, nilivuka nikatembea upande wa pili wa barabara. Hakuwahi kuniuliza. Sijui kama alikuwa haoni, au aliona akanistiri.

Mwaka 2017 nilikuwa nikiishi Lewisville, nje kidogo ya Dallas, kwenye fleti za ghorofa mbili zilizozungukwa na magari, pamoja na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mume wangu aliendesha malori ya masafa marefu. Siku mbili yupo, siku kumi hayupo. Mimi nilikuwa nakagua madai katika ofisi ya bima ya meno huko Dallas. Kwenye mlango uliotazamana na wetu alikaa muuguzi mmoja Mkenya, mtu wa kanisa, ambaye tulipokezana naye watoto, vyakula na manung'uniko kama ndugu.

Jumapili binti yangu alikwenda madrasa. Madrasa ile ilikuwa na siku moja kila mwaka waliyoiita Siku ya Ustaarabu wa Kiislamu. Kila familia iliweka meza yake: Andalusia na bustani zake za maji, Baghdad na maktaba zake, Samarkand na makuba ya buluu. Wazazi wengi walikuwa madaktari na wahandisi, na meza zao zilikuwa na mabango ya kuchapishwa, vigae vya kweli na vikombe vya shaba. Sisi tulikuwa tukipita tu na sahani zetu za karatasi, tunakula vya watu.

Mwaka ule, tukiwa njiani kurudi, binti yangu alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia chote ila alijibu kwacho akipenda mwenyewe: "Mama, mwenzangu anasema sisi hatukuwa na ustaarabu. Anasema Waafrika tuliletewa dini tu, basi. Mwakani naweza kukaa meza ya Andalusia?"

Niliingiza gari kwenye maegesho ya duka la kwanza nililoliona. Nikamgeukia nikamwambia kwamba kwao Kilwa masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina yao. Kwamba dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao. Kwamba sahani za Uchina walizipachika kwenye kuta na makuba kuwa pambo, na kwamba msafiri mmoja wa Morocco, aliyekwisha kuiona dunia, alifika akaandika kuwa ule ni katika miji mizuri kabisa aliyoiona. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayepokonywa kitu.

Binti yangu alinitazama. "Mbona hukuniambia kabla?"

Miaka tisa nilikuwa nimemsimulia kuhusu shule, kazi na namna ya kuongea na walimu. Kilwa nilikuwa nimeinyamazia kwa sababu kila nilipoikumbuka, niliiona miguu ya baba.

Wiki ileile nilijiandikisha kwa meza ya mwaka uliofuata. Kisha nikampigia baba simu na kumwambia aje. Viza alinyimwa mara ya kwanza, akapewa mara ya pili, na mwezi wa tatu 2018 alitua Dallas na begi moja na koti alilolivaa siku ya harusi yangu.

Kitu cha kwanza alichokifanya kwenye fleti yetu ni kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akagonga tena pembeni.

"Mwanangu," akasema, "mnaishi ndani ya boksi."

Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile wakawa wanagonga kuta pamoja kila tulipokwenda, dukani, kliniki, msikitini, na babu anatoa hukumu: karatasi, karatasi, tofali la uongo, karatasi. Alimfundisha mjukuu wake kwamba tumbawe likitoka majini bichi ni laini, unalichonga maua utakavyo, lakini ukilichelewesha linakauka na kukukatalia. Nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni. Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha ile kulikuwa na wasiwasi ambao sikutaka kuupa jina.

Siku kumi kabla ya shughuli, mwalimu mkuu wa madrasa alinipigia. Alikuwa daktari wa watoto, mama mwenye asili ya Shamu, kule Syria, mpole wa sauti. Alitaka maneno mawili matatu ya kumtambulisha mzee.

"Baba yako ni profesa?" aliuliza.

Angeuliza "Baba yako anafanya kazi gani?", labda ningesema kweli. Lakini alikuwa amekwisha kunifungulia mlango, nami nikaingia. "Ni mtafiti," nikasema. "Mtafiti wa historia ya Kilwa."

"Mashallah. Na mji wenyewe ulijengwa na Waarabu, au Waajemi?"

"Waajemi. Familia yetu ina asili ya Shirazi."

Kwetu wako wengi wanaosema hivyo, na huenda kweli tone moja la damu lilipita. Lakini baba hakuwahi kulisema. Alipolisikia kwa watu alikuwa akicheka puani. Nilikata simu. Nikajiambia ni maneno ya utambulisho tu, nani atayakumbuka.

Siku ilipofika, baba alivaa kanzu, lile koti, na kofia aliyoishona mwenyewe. Jirani yangu Mkenya alikuja pia; mzee ndiye aliyemwalika, akimwambia, "Njoo usikie mambo ya kwetu, na ya kwenu pia, maana magofu ya Pate na Gedi si ndugu zake Kilwa?" Ukumbi ulijaa. Meza yetu ilikuwa na picha nilizochapisha ofisini na ramani aliyoichora binti yangu. Mwalimu mkuu alimtambulisha baba kwa Kiingereza kama profesa, watu wakasimama. Baba akaweka mkono kifuani. Akaanza.

"Mimi ni fundi chokaa," alisema. "Sikusoma. Nilichokijua nimekijua kwa mikono."

Akanitazama ili nitafsiri. Nikawatazama wale watu: mzazi wa meza ya Samarkand na vigae vyake vya buluu, mama wa Andalusia na chemchemi yake ya umeme inayotiririka. Nikasema kwa Kiingereza, "Baba anasema ametumia maisha yake yote kuyachunguza majengo ya Kilwa."

Baba akaendelea. "Wako wanaosema mji ule ulijengwa na wageni. Mimi nimezifungua kuta zile. Chini ya nyumba ya mawe unakuta matundu ya nguzo za nyumba ya udongo. Mlango wa mawe uko palepale ulipokuwa mlango wa miti. Huo si mji wa mtu aliyeshuka leo na mali yake. Huyo ni mtu aliyekuwa na kibanda akajaaliwa, akajenga. Wageni walikuja, ndiyo. Walileta dini tukaipokea, wakaoa kwetu, wakazikwa kwetu. Lakini mkono uliopaka chokaa ni wa kwetu."

Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake. Nami nikasema: "Baba anasema mji ulianzishwa na wana wa wafalme kutoka Shirazi, na familia yetu ni kizazi chao."

Watu wakapiga makofi. Baba alishangaa kidogo, kisha akatabasamu. Alidhani wanaupigia makofi ule mkono wa kwetu. Kila aliposema tumbawe, nilisema marumaru. Kila aliposema babu yangu, nilisema masultani. Mara ya pili na ya tatu ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, jinsi ulimi wangu ulivyozoea upesi.

Katikati yake niligeuka nikamwona binti yangu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, ameshika ramani yake kwa mikono miwili, ananitazama bila kupepesa. Katika safu ya tatu, jirani yangu alikuwa ameacha kupiga makofi.

Alinifuata nje kwenye maegesho, baba akiwa bado ndani anapigwa picha.

"Sasa dada," alisema, "ile ilikuwa nini?"

"Nilifupisha. Watu hawa hawana subira."

"Hukufupisha. Ulimtoa mzee pale mbele ukaweka mtu mwingine."

Nikamwambia hajui hali yetu katika msikiti ule. Akasema ni kweli, hajui, akaingia kwenye gari lake. Hatukusemeshana siku nne, na hiyo haikuwa kawaida yetu.

Ndani ya gari binti yangu aliuliza kwa Kiingereza, polepole, kutoka kiti cha nyuma: "Kwa nini ulidanganya?"

Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba tutaongea nyumbani. Baba alikuwa amekaa mbele, anatazama barabara za juu zinavyopishana. Tulikuwa tunaongea mbele yake kama watu wanaoongea mbele ya mtoto.

"Anasemaje mjukuu wangu?" akauliza.

"Anasema amefurahi, Baba."

"Nami nimefurahi," akasema. "Watu wa huku wana adabu. Wanasikiliza."

Nyumbani hatukuongea. Nilipika, nikafua, nikaingia chumbani. Binti yangu hakuuliza tena.

Kisha ukaja mwaliko wa Houston. Mmoja wa waliokuwa ukumbini alikuwa na ndugu huko Missouri City, pembezoni mwa Houston, na jumuiya ya watu wa Afrika Mashariki ya pale ilitaka kumsikia huyo profesa wa Kilwa. Nilijaribu kumwambia baba kuwa ni mbali, kuwa atachoka.

"Nimekuja kufanya nini huku," akasema, "kutazama televisheni?"

Tukaondoka Jumamosi asubuhi ya mwezi wa nne, sisi watatu, mume wangu akiwa barabarani na lori lake. Kando ya barabara ya Houston maua ya buluu yalikuwa yametanda mpaka kwenye nyaya za mashamba. Binti yangu aliweka visikilizi masikioni akalala. Tulikuwa tumekwisha kupita nusu ya njia baba aliposema, bila kunigeukia, "Profesa ni mtu gani?"

Nikasema ni mwalimu wa chuo kikuu.

"Ijumaa msikitini wananiita hivyo. Nikamuuliza mjukuu wangu. Kiswahili chake kinachechemea, lakini kinafika. Ameniambia."

"Amekuambia nini, Baba?"

"Yote."

Nilishika usukani kama unataka kunitoroka. Lori lilitupita, gari likatikisika. "Nilitaka wakuheshimu," nikasema.

"Walikuwa wamekwisha kuniheshimu. Nilipoinuka tu walisimama."

"Baba, hawa watu huwajui."

"Kweli." Akafikiri. "Uliona haya."

Hakuuliza. Alilisema kama anavyosema ukuta huu una maji ndani. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Tulikuwa sisi wawili, mtoto amelala, hakuna ukumbi, hakuna wa Samarkand. Neno moja la ndiyo lilitosha. Ningeweza hata kumwambia kuhusu kuvuka barabara, miaka ile.

"Hapana, Baba," nikasema. "Nilichanganyikiwa tu na Kiingereza."

"Haya," akasema, akatazama ng'ombe.

Missouri City shughuli ilikuwa katika jumba dogo la mikutano la mtaa, lenye bwawa la kuogelea nje na viti vya kukunja ndani. Walikuwapo Watanzania wengi, Wakenya, Wangazija wachache, na Wamarekani na Wapakistani waliooana nao, kwa hiyo tafsiri ilihitajika. Kulikuwa na sambusa na chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Mwenyeji wetu alimkaribisha profesa, nami nikainuka.

Baba akanigusa bega. "Kaa, mama. Mjukuu wangu atanisaidia."

Alisema kwa upole, na huo upole ulinikata. Nikakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Binti yangu akasimama mbele na gauni lake la Iddi, urefu wake unafika kwenye kiwiko cha babu yake.

"Kwanza," baba alisema, "mimi si profesa. Kulikuwa na kosa la lugha. Mimi ni fundi chokaa."

Binti yangu akafungua mdomo kwa Kiingereza. "Babu yangu si profesa. Babu yangu ni…" Akakwama. Akanitafuta kwa macho, akaniona kule nyuma, akapaza sauti kwa Kiswahili, mbele ya watu wote: "Mama, fundi chokaa ni nini kwa Kiingereza?"

Vichwa vyote vikageuka. Nina hakika hakukusudia kunitahayarisha. Alihitaji neno, na mimi ndiye niliyekuwa nalo. Nilisimama. Nikalitaja. Sauti ilitoka ndogo, mtu mmoja akasema hakusikia, ikabidi nilitaje tena.

"Ahsante," akasema binti yangu, akaendelea.

Alitafsiri kama anayevuka mto kwa mawe, neno moja, anasimama, la pili. Aliposhindwa, Watanzania wa safu ya mbele walimrushia maneno naye akayadaka. Alisema matundu ya nguzo. Alisema mlango palepale. Alisema mkono ni wa kwetu, akaunyanyua mkono wake mwenyewe kuonyesha, na chumba kikacheka kwa mapenzi.

Baba mmoja mtu mzima akauliza: "Lakini mzee, sote tumesikia kwamba mwana wa mfalme wa Shirazi alikinunua kisiwa kile kwa nguo za kukizunguka chote."

"Nami nimesikia," baba akasema. "Haya, alinunua. Alinunua kwa nani?"

Watu wakangoja.

"Anayeuza kisiwa ana kwake. Na aliyekubali kulipwa nguo nyingi vile alikuwa na watu wa kuwavisha."

Hata aliyeuliza alicheka. Kisha mhandisi mmoja wa majengo, kijana wa Tanga, akauliza kwa nini saruji inazila kuta za zamani, na hapo baba akasahau kama ana mkalimani. Akaeleza kwamba ukuta unapumua, kwamba chokaa inaachia maji yatoke na saruji inayafungia ndani, na chumvi ikifungiwa inamomonyoa jiwe kama jino bovu. Walimzunguka. Mama mmoja alimwomba amwonyeshe viganja vyake, akavishika muda mrefu. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kupungukiwa na heshima kwa sababu ya neno lile nililolitamka mara mbili. Nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai kilichopoa, nikiwatazama wageni wanavyompokea baba yangu alivyo, jambo ambalo mimi sikuwa nimewahi kulifanya.

Hakuna aliyerekodi. Wote walikuwa wanasikiliza.

Baba alikaa nasi wiki tano zaidi. Tuliongea kila kitu, bei ya vitunguu, mvua, mume wangu na mgongo wake, ila lile. Mara mbili nilijiandaa. Mara ya kwanza alikuwa anakata kucha kwenye baraza, nikakaa karibu, nikasema, "Baba, kuhusu siku ile." Akasema, "Mama, hebu nitazamie huu ukucha, macho yangu hayaoni." Nikamkata ukucha. Mara ya pili alikuwa amelala kweli. Pale uwanja wa ndege alimvalisha mjukuu wake ile kofia, nami akaniambia, "Nenda kazini, utachelewa."

Lakini madrasa ilikuwa imerekodi. Mwalimu mkuu aliiweka video ya ukumbini kwenye masomo ya historia, na mwaka 2019 binti yangu akarudi akasema, "Leo wametuonyesha tena." Watoto walikuwa wanaandika daftarini kwamba Kilwa ilijengwa na wana wa wafalme wa Shirazi, kwa marumaru. Nilisema nitamwandikia mwalimu mkuu. Niliandika nusu barua, nikaiacha. Nilisema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita. Binti yangu aliacha kuniambia walipoionyesha, nami nikaacha kuuliza.

Mwaka 2020 ulipofunga kila kitu, nilifanya kazi mezani jikoni, na baba alinipigia kwa video karibu kila siku. Alikuwa amekonda. Kifua kilikuwa kikimsumbua, kifua ambacho chokaa ilikuwa imeanza kukila miaka mingi nyuma. Siku moja alisema, "Ile video ya Dallas mnayo?"

"Kwa nini, Baba?"

"Wenzangu wanataka kuiona. Nimewaambia nilisimama mbele ya madaktari, hawaamini. Nitumie."

Nikayashusha macho mezani. Akaelewa, maana akaongeza, taratibu, "Wao Kiingereza hawajui. Watasikia sauti yangu tu. Ya kwako hawataielewa."

Alikuwa ananipa njia. Mtu aliyekosewa ndiye aliyekuwa ananitafutia pa kupita. Na mimi, kwa aibu ya kuisikia sauti yangu tena hata kwa dakika ya kuituma, nikasema, "Imepotea, Baba. Waliifuta."

"Aa," akasema. "Basi, si kitu."

Alifariki mwezi wa saba. Sikuweza kwenda; hata kama ndege ingepatikana, nisingewahi maziko. Ndugu yangu aliiacha simu wazi mfukoni, nikasikia maziko kupitia kitambaa: nyayo, itikio la dua, chepe likichota mchanga. Nilikaa sakafuni bafuni mpaka ikakatika.

Mwezi wa tisa nilimwandikia mwalimu mkuu barua nzima. Nilimweleza kila sentensi aliyosema baba na kila sentensi niliyosema mimi. Alinipigia mchana ule. Akasema, "Wazazi wangu pia wamenifanya nione haya, nami nimewafanya waone haya." Halafu akauliza kama nataka aifute.

"Usiifute," nikasema. Sikuwa na mahali pengine ambapo baba anaongea kwa zaidi ya dakika mbili. "Naomba kuifuta sauti yangu tu."

Kazi ile ilifanywa na binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliiweka video kwenye kompyuta, akaisikiliza sentensi kwa sentensi, akaandika tafsiri ya kweli chini ya picha. Kiswahili alichokuwa hakijui aliniuliza, nami nilimjibu, siku nne mfululizo, bega kwa bega kwenye ile meza ya jikoni. Hakunikaripia hata mara moja. Mara moja tu, tulipofika mahali pa marumaru, alisimamisha picha akaniuliza, "Ulikuwa unamwogopa nani?" Nikamwambia sikumbuki sura ya hata mmoja wao, na ilikuwa kweli.

Sasa katika video ile baba anasema, kisha unaniona mimi nafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Watoto wa madrasa wanaisoma tafsiri chini. Tuliwatumia wenzake wa Kilwa pia. Mmoja wao, mzee aliyefanya naye kazi tangu ujana, alinitumia ujumbe wa sauti: wameitazama wote, mwenzao amesema vizuri, Mungu amrehemu. "Lakini wewe mwanetu," akauliza, "mbona midomo yako inacheza na sauti haipo?"

Nilichukua siku mbili. Kisha nilibonyeza kitufe nikamwambia yote, tangu upande wa pili wa barabara pale Masoko mpaka "Imepotea, Baba." Ulikuwa ujumbe mrefu. Naona alama kwamba ameusikiliza. Bado hajajibu, nami simlaumu.